Mume wangu aliweka magongo chini kwa imani, akaanguka

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu ana miaka 34, ni dereva wa bodaboda. Mwezi Machi aligongwa na gari barabara ya Singida, mfupa wa paja la kulia ukavunjika. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma ndani ya mfupa. Sasa ni miezi mitano na bado anatembelea magongo. Mara ya mwisho daktari alituonesha picha akasema mfupa umeanza kushika, turudi baada ya wiki sita. Hatukurudi, hela ilikosekana. Wiki mbili zilizopita, kwenye maombi, mtumishi mmoja alimwambia magongo ni alama ya mashaka, ayaweke chini. Akayaweka. Alipiga hatua tatu akaanguka, na tangu siku ile maumivu yameongezeka. Mtumishi akasema ameanguka kama Petro, kwa kukosa imani. Sasa mume wangu hataki maombi, hataki mazoezi, hataki kuonana na watu. Juzi usiku ameniambia heri angekufa palepale barabarani. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mganga anayeunga mifupa. Je, ni kweli tumekosa imani? Na nimtie moyo vipi mtu aliyekata tamaa hivi?"*

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Nimesoma swali lako mara tatu. Kabla sijagusa habari ya imani nianze na mguu, maana kazi yangu ni mazoezi ya tiba hospitalini, na kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri. Mtu mwenye chuma kwenye paja akianguka, na baada ya hapo maumivu yakaongezeka, hafanyi zoezi lolote la mguu huo, wala mtu yeyote asiuvute wala kuukanda, mpaka apigwe eksirei. Wiki hii, si mwezi ujao. Inawezekana ni msuli tu umevutika. Inawezekana pia skrubu imelegea au chuma kimepinda, na hayo huwezi kuyajua kwa kupapasa. Mpaka picha itoke atumie magongo yote mawili, na mguu wa kulia auguse chini tu bila kuulalia uzito.

Kama hela ndiyo kikwazo, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii. Mwoneni yeye kabla ya kufika dirisha la malipo, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa, mkaeleze hali yenu ilivyo. Familia nyingi huona aibu kupita mlango huo. Wengine hukaa nyumbani na mguu unaoharibika wakati msaada ulikuwepo.

Sasa tuje kwenye kinachokunyima usingizi. Unauliza kama kilichomwangusha ni kukosa imani. Kilichomwangusha ni goti. Ule msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaolikaza goti mtu anaposimama. Msuli huo hunywea upesi sana mtu akilala, na mfupa ulio ndani yake ukivunjika hunywea upesi zaidi, kwa sababu maumivu na uvimbe huuzuia kuamka kwa nguvu zake zote. Chukua uzi, upime mapaja yake yote mawili, shubiri moja juu ya goti. Utaona tofauti kwa macho yako. Mtu wa namna hiyo akisimama ghafla, watu wanaimba, moyo umepanda, anaweza kupiga hatua moja, hata mbili. Hatua ya tatu uzito wote unaingia mguu wa kulia, goti limekunjika kidogo, na hakuna kitu cha kulishika. Angeanguka hata kama asingekuwa na chembe ya shaka. Naomba umsomee shemeji aya hii, na kama anaweza kusoma mwenyewe, mpe simu aisome akiwa peke yake.

Tena si kweli kwamba miezi mitano na magongo ni jambo la ajabu. Mfupa wa paja ndio mkubwa kuliko yote mwilini. Ukivunjika, kwanza damu huganda pale palipovunjika. Wiki zinazofuata mwili hujenga hapo kitu laini kama gegedu, ile nyama ngumu ya sikio. Polepole madini ya chokaa huingia, gegedu likageuka mfupa. Kwa mtu mzima kazi hiyo huchukua kama miezi minne mpaka sita mambo yakienda vizuri, na wengi huvuka hapo, hasa kama mfupa ulitoboa ngozi siku ya ajali au kama mgonjwa anavuta sigara. Hata ukishashika, mwili huendelea kuuchonga mfupa ule kwa mwaka na zaidi. Daktari alipowaambia "umeanza kushika" alikuwa anawaambia habari njema, ila ni habari ya katikati ya safari.

Na chuma je? Hapa watu wengi wanajichanganya. Wanaona mtu amewekewa chuma, wanadhani chuma ndicho kinachobeba mwili, kwa hiyo magongo ya nini tena. Chuma kazi yake ni kuvishika vipande visicheze wakati mwili unajiunga wenyewe. Chukua waya, uukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haukatiki, lakini ukirudia sana unakatika mkononi. Chuma cha pajani nacho kikibebeshwa uzito mzima kila siku juu ya mfupa ambao haujashika, hufika siku kikachoka kikakatika, na hapo ni kurudi chumba cha upasuaji. Magongo yanaupa mfupa nafasi ya kushika kabla chuma hakijachoka.

Lakini usinielewe kwamba basi alale. Mfupa unapenda kubebeshwa uzito kwa kipimo, kidogo leo, kidogo zaidi mwezi ujao, kadiri picha inavyoruhusu. Mtu anayelala miezi mitano akisubiri kupona atakuta mfupa umeshika na goti limekakamaa kiasi kwamba hawezi kuchuchumaa chooni. Nimewaona wengi hivyo, na goti la namna hiyo hunipa kazi ngumu kuliko mfupa wenyewe. Nasema haya kwa sababu neno "subira" huku kwetu hutumika kana kwamba ni kukaa. Mgonjwa anaambiwa "vuta subira," naye anageukia ukuta. Subira ninayoiomba kwa shemeji ni ya kufanya kitu kilekile kidogo asubuhi na jioni, siku ambayo anaona mabadiliko na siku ambayo haoni chochote.

Niseme na kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimwambia kijana mmoja aliyevunjika mguu, "Baada ya miezi mitatu utatupa magongo." Nilitaka kumtia moyo. Akahesabu siku kwenye kalenda. Miezi mitatu ikafika, mfupa haujashika, akaacha kuja kliniki. Alirudi baada ya miezi mingi, goti gumu, akaniambia alidhani nilijua kitu nikamficha. Tangu hapo simpi mgonjwa tarehe ya kupona. Nampa kitu cha kufanya mpaka tutakapoonana tena.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu kumtia moyo. Mtu aliyeumia vibaya akiambiwa kila siku "utapona tu," neno lile huisha utamu. Mbaya zaidi ni ile ya "fulani alivunjika kama wewe, miezi miwili akarudi kazini." Mgeni anaondoka ameridhika, mgonjwa anabaki anajilaumu. Shemeji anahitaji kuoneshwa kitu kilichosogea tangu wiki iliyopita, hata kiwe kidogo namna gani.

Fanyeni hivi, baada ya picha kutoka na daktari kuruhusu. Akae kwenye mkeka, mgongo ukutani, mguu wa kulia umenyooka, chini ya kisigino pawe na kipande cha mfuko laini ili kiteleze. Avute kisigino kuelekea makalioni mpaka goti likaze, ahesabu mpaka tano, arudishe polepole. Kisha mtoto mkubwa achukue mkaa aweke alama sakafuni pale kisigino kilipofika mara ya mwisho. Mama mmoja wa Chamwino niliyemtembelea nyumbani alikuwa na mistari kumi na mmoja ya mkaa kwenye saruji. Mingine ilikuwa imekaribiana kiasi cha upana wa kucha. Mmoja ulikuwa umerudi nyuma, na pembeni yake ameandika "homa." Alinieleza ule mstari bila huzuni, kama anavyoeleza mkulima mwaka ambao mvua iligoma. Watoto wake walikuwa wameambiwa marufuku kupiga deki hapo.

Zoezi la pili ni la ule msuli uliolala. Kunja khanga iwe kama mto mdogo, iweke chini ya goti, naye alikandamize goti chini kwa nguvu, ahesabu mpaka tano, alegeze. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Linaonekana dogo, lakini ndilo litakalomfanya asimame bila goti kumsaliti. Maumivu ya kuvutika yanayopungua baada ya nusu saa hivi ni ya kawaida. Maumivu yanayomkosesha usingizi, au yanayozidi kila siku, ni ya kusimamisha zoezi na kurudi hospitali.

Siku daktari atakaporuhusu gongo moja, alishike mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Karibu kila mtu hulishika upande mgonjwa, na huko halimpunguzii mzigo inavyotakiwa. Angalieni pia mpira wa chini ya gongo. Njia zetu hapa Dodoma ni kichanga juu na ardhi ngumu chini, mpira ukiisha gongo linateleza.

Mambo mengine nayapitia haraka. Baridi ya Juni na Julai inaweza kuuma kwenye mguu wenye chuma, afunike paja, lakini haina maana kwamba mfupa umeharibika. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, ila haiungi mfupa kama inavyosemwa. Chokaa kidogo sana ndicho kinachotoka kwenye mfupa kuingia kwenye supu. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa, mayai, maharage na karanga vina faida zaidi na bei yake mnaimudu. Sigara na ugoro aache kabisa, vinabana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye mfupa.

Kuhusu mganga anayeunga mifupa, sitaki umjibu mama mkwe kwa ukali. Yeye ni mzazi, anamwona mwanawe anazama. Tena waganga hao wana kitu ambacho sisi wa hospitali mara nyingi tunakikosa: wanakaa na mgonjwa, wanamgusa, wanamsikiliza mpaka amalize. Na mivunjiko mingine midogo ambayo haijahama huungana hata bila sisi. Lakini mguu wa shemeji una chuma ndani na ameanguka nao. Kuukanda kwa nguvu au kuuvuta kunaweza kuhamisha kilichoanza kushika. Kukandwa sana kwenye jeraha kunaweza hata kusababisha mfupa kuota ndani ya nyama, goti lisikunjike tena. Na vijiti vikifungwa vikakaza sana, damu haipiti. Nimeona mguu uliofungwa hivyo ukakatwa. Mpe mama mkwe kazi yake: picha ikitoka salama, awe anamkanda unyayo na vidole kwa mafuta, taratibu, jioni, kama mguu haujavimba. Aende naye pia kwenye kupiga picha. Mama akioneshwa picha na daktari, kile kiwingu cheupe kinavyouzunguka mfupa, anaelewa kuliko nikimwandikia kurasa kumi.

Sasa imani. Mimi si mchungaji, ni mtu wa mazoezi, ila ni mwamini, na nimeona watu wengi wakipita katika bonde hili. Aliyemwambia mumeo aweke magongo chini naamini alitaka mema, lakini Biblia aliyoishika haimsaidii katika hilo. Mfalme Hezekia aliomba akilia, akaahidiwa uponyaji na nabii mwenyewe, kisha Isaya huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imetolewa na bado dawa ikapakwa. Na Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, anaandika kwa Timotheo kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo alikuwa na mashaka. Makanisa ya huku kwetu yalilielewa hilo zamani: Mvumi na Kilimatinde ni hospitali za Kanisa Anglikana, na humo watu wameombewa na kushonwa vidonda chini ya paa moja.

Namkumbuka pia mzee mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Kondoa, aliyevunjika nyonga. Kilichomliza hakikuwa maumivu, ni kwamba hawezi kusujudu. Shehe wake alimkumbusha kwamba dini inamruhusu asali akiwa amekaa. Tukakubaliana kwamba kila baada ya swala, kabla hajanyanyuka kitini, atafanya zoezi lake. Mara tano kwa siku, bila mimi kumkumbusha. Sijawahi kupata mgonjwa mwenye ratiba nzuri kuliko yule. Mnaposali asubuhi na jioni nyumbani kwenu, zoezi la goti lifuate hapohapo baada ya amina. Akisema hataki kusali, msimlazimishe. Salini ninyi kwa kifupi karibu naye, kisha mumletee ile khanga. Mtu aliyehukumiwa kwenye maombi anahitaji muda kabla maombi hayajawa tena mahali pa kupumzika.

Mwendee mchungaji wako mkuu faraghani, mweleze kilichotokea bila kumshtaki mtu. Mwombe aje nyumbani, akae na shemeji, asimwombee kwanza. Amwambie tu kwamba kuanguka kule hakukuwa dhambi. Neno hilo likitoka kwangu ni maelezo ya kitaalamu. Likitoka kwa mchungaji litamfungua mahali ambapo mimi sifiki.

Nimeacha jambo zito la mwisho kwa makusudi, ili tuliseme taratibu. Mtu akisema heri angekufa palepale, usilipite kama maneno ya hasira. Muulize waziwazi, mkiwa wawili tu: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa ruhusa ya kusema. Kama amepanga namna, au anagawa vitu vyake, au anaaga, asiachwe peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa za mifugo ndani ya nyumba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Hata kama hakuna mpango, mtu ambaye kwa wiki mbili na zaidi halali, hali, hataki kuona watu na anajiona mzigo, huenda ana sonona, ule ugonjwa wa kuzama moyo, na sonona inatibika. Mwambie daktari siku hiyohiyo mnayokwenda kupiga picha. Najua hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu hulitumia kama tusi. Ni hospitali kama nyingine, na nimewapeleka huko wagonjwa wangu wakarudi wakaendelea na mazoezi.

Sehemu ya kukata tamaa kwake naihisi iko jikoni kwenu. Mtu aliyekuwa analeta hesabu kila jioni sasa anamwangalia mkewe akihangaika kutafuta riziki peke yake. Mpe kazi ya kweli: akande unga akiwa amekaa, ashike daftari la mapato, awakague watoto madaftari. Usimwondolee kila kitu kwa huruma. Na wewe mwenyewe tafuta siku moja katika wiki ambayo mtu mwingine, wifi au jirani, atashika zamu yako ulale mpaka jua litoke. Mtu anayeuguza kwa miezi mitano naye ni mgonjwa wa uchovu, hata kama hakuna anayemletea pole.

Msingoje miadi yoyote mkiona haya: homa pamoja na kidonda cha upasuaji kutoa usaha, paja kupinda au mguu kuwa mfupi ghafla, unyayo kuwa wa baridi au kufa ganzi, shavu la mguu kuvimba na kuwa la moto. Akipata kifua kubana na pumzi kukatika, tafuteni gari saa hiyohiyo, huenda damu iliyoganda imekwenda kwenye mapafu.

Ikitokea picha inaonesha mfupa haujashika, bado kuna njia. Daktari anaweza kutoa skrubu moja ili vipande vikaribiane, kubadilisha chuma, au kuchukua mfupa kidogo nyonga na kuupandikiza. Muulizeni anachagua lipi na kwa nini, na baada ya hapo mguu ubebe uzito kiasi gani. Mwisho muombeni awaandikie kwenda chumba cha mazoezi, maana wengi huruhusiwa bila karatasi hiyo wakabaki wanajiongoza wenyewe.

Usiku akikuuliza atapona lini, mwambie hujui, lakini kesho mnakwenda kupiga picha. Bebeni picha za zamani zote, kadi ya kliniki, na magongo yote mawili, mpira wa chini ukaguliwe kabla hajashuka kwenye bajaji.